Stika ya Kijani Mlangoni kwa Mama Mkubwa

Sogeza kiti karibu na feni, wewe unayenisikiliza, na chai yako usiiweke chini kwa ajili yangu. Nitazungumza habari za mbu, lakini huna haja ya kujikuna. Watu wengi wakinisikia nikiitaja kazi yangu huanza kujikuna mikono, nami hujiona kama nimeingia na wadudu ndani ya mkoba.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza ya nchi za joto. Nilipokwenda kusoma, jamaa zangu hapa Maskati walifurahi sana, wakiamini kwamba nitarudi kuwatibu magoti. Hadi leo, kila nikienda harusini, hakosekani bibi wa kunivuta pembeni, akapandisha nguo kidogo na kunionyesha goti lake. Nikimweleza kwa upole kwamba mimi siwatibu watu, nachunguza mbu, hunitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyesoma miaka yote ile halafu akaanguka mtihani wa mwisho.

Wengine huuliza: mbu gani wa Maskati? Mji wa majabali makavu na jua, ambako mvua ikinyesha watu hutoka na magari kwenda kuitazama kama wanaotazama maharusi. Swali zuri. Nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo limenipa mshahara miaka yote hii. Mbu ninayemchunguza ni mdogo, mweusi, ana mistari myeupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hangoji mvua wala hatafuti bwawa. Anataka maji kidogo, safi, yaliyotulia kivulini: sahani chini ya chungu cha maua, ndoo iliyosahauliwa, tangi lisilo na kifuniko. Hapendi kuruka mbali. Anapozaliwa ndipo anapotafuta riziki yake. Ni mbu wa nyumbani, kama paka, ila paka hakuletei homa ya dengi. Wazee wa pwani waliiita kidingapopo, na ikikushika unahisi kama umepigwa rungu kwenye kila kiungo.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kumjadili mbu huyu. Hufanyika hotelini, kwenye kumbi zenye baridi ya kutosha kuhifadhi samaki. Tunavaa makoti, tunaonyeshana picha zake ukutani, kubwa kuliko ng'ombe, tunakubaliana kwamba hali inatia wasiwasi, kisha tunakwenda kula. Katika mikutano yote hiyo sijamwona mbu hata mmoja. Nadhani hapendi hotuba.

Basi mwaka mmoja, si zamani, tukasikia wagonjwa wa dengi wameanza kuonekana hapa na pale mjini, na ofisi yetu ikaamua tufanye ukaguzi wa nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Darsait. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaingia nyumbani kwa mtu, unatazama kila kitu chenye maji, na ukikuta viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini, unaandika. Kikao cha kupanga kazi hiyo kilichukua asubuhi nzima, na muda mwingi hatukumzungumzia mbu. Tulizungumzia adabu. Tutaingiaje majumbani mwa watu?

Swali hilo si dogo kwetu. Nyumba ya mtu haiingiwi ghafla. Huwezi kumkuta mama wa watu na kanga ya jikoni, mikono imejaa unga, ukamwambia umekuja kuangalia uchafu wake. Mkuu wetu, mtu mpole anayependa tarakimu kuliko chakula, akatoa uamuzi: kila nyumba iarifiwe siku kadhaa kabla, kupitia kikundi cha simu cha mtaa, itajiwe siku na saa. Sote tukaitikia, na mimi nikiwamo. Mkuu akaongeza kwamba nyumba isiyokutwa na viluwiluwi ipewe stika ya kijani, ibandikwe mlangoni.

Sasa nikueleze kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha wadudu. Nyumba ya watu wetu ikiambiwa wageni wanakuja, kitakachofuata si ukaguzi tena. Ni sikukuu. Mazulia yalitolewa nje yakapigwa. Mabafu yalisuguliwa mpaka marumaru ikalia. Kila tone la maji lilimwagwa, likafutwa au likapelekwa mahali. Siku ya ukaguzi tulipokelewa kwa udi uliofukizwa mpaka koo zikawasha, na kama palikuwa na mbu aliyebaki basi alikuwa amekwisha kuzimia. Tulikalishwa. Ikaja tende, ikaja halwa, ikaja kahawa, yakaja matunda yaliyokatwa. Wanaume wa timu walikaa majlisi, sebule ya wageni wa kiume, na sisi wanawake tulipitishwa vyumbani kama wanaopelekwa kumwona bibi harusi. Viluwiluwi hatukuviona, ila sote tulinenepa.

Katika mtaa huo alikuwamo mama mkubwa wangu, yaani dada mkubwa wa mama yangu. Alizaliwa Unguja, akaja huku msichana mdogo, na Kiswahili chake hakijabadilika. Kila kitu kingine anasema kimeharibika. Siku chache kabla ya zamu yake aliniletea nyumbani kwangu Ghubra vyungu vyake vyote vya asumini, akiviteremsha mwenyewe garini.

"Zawadi," akasema. "Nyumba yako haina harufu."

Nilifurahi sana, nikampiga na picha. Ni maua aliyoyatunza miaka mingi, akiyamwagilia kila jioni kwa maji yanayodondoka kutoka viyoyozi vya nyumba. Mama mkubwa ana ndoo chini ya kila kiyoyozi. Maji hayo anayaita maji ya neema, kwa kuwa yanatoka hewani bila bili, na mtu akiyamwaga bure humwambia anafanya israfu.

Tulipofika kwake, mlango ulifunguliwa kabla hatujabonyeza kengele.

"Mbona mmechelewa? Kahawa ya kwanza imekwisha kupoa."

"Mama mkubwa, leo tumekuja kikazi."

"Kwani kazini kwenu hamli? Kaeni."

Alinizungusha nyumba nzima akinishika mkono. Uani palikuwa peupe, hapana chungu, hapana ndoo, hapana hata bakuli la ndege. Akaninong'oneza.

"Hebu niambie kweli. Kwa jirani yangu mmekuta nini?"

"Siri ya kazi, mama mkubwa."

"Mmekuta uchafu. Nakuona usoni."

Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, kuna chumba cha dada wa kazi, mwanamke wa Tanga ambaye wakati huo alikuwa ameshakaa naye mwaka na zaidi. Nilipoelekea huko, mama mkubwa aliniwekea mkono begani.

"Huko ni kwa dada tu, na nguo zake. Haifai kuingia chumba cha mtu, au sio, daktari?"

Kweli haifai. Hata nilimshukuru kwa kunikumbusha. Dada wa kazi alikuwa amesimama karibu na sinia la kahawa, akilitazama kana kwamba lina maandishi. Tukaandika kwamba nyumba ni safi. Mama mkubwa aliichukua stika ya kijani mkononi mwa kijana wetu, akaibandika mwenyewe katikati ya mlango, akarudi nyuma kuangalia kama imenyooka.

Mtaa mzima ulipata stika. Mkuu wetu alipoletewa jumla, aliitamka kama mtu anayetaja jina la mjukuu wake wa kwanza.

"Sifuri!"

Ofisini ikaletwa keki. Ripoti ikaenda juu, na juu wakajibu kwamba ule sasa ni mtaa wa mfano, na wageni watapelekwa kuutazama.

Haukupita muda mrefu, mtoto wa kiume wa mama mkubwa akarudi kutoka safari ya biashara Asia. Ni mtu mzima, ana duka Ruwi, lakini mama yake humzungumzia kama yuko madrasa. Mama mkubwa akanipigia simu.

"Mwanangu karudi, kalala tu. Joto, kichwa, mifupa. Uchovu wa safari."

"Mpeleke akapimwe damu, mama mkubwa."

"We huna lako jingine? Kwako kila mtu mgonjwa. Nimeshamfanyia supu."

Wiki ilipokwisha, mwanawe aliinuka, akarudi dukani, na supu ikapewa sifa zote.

Kama wiki mbili baadaye simu ikalia tena. Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

"Njoo. Huyu msichana katuletea maradhi ya kwao."

Dada wa kazi alikuwa amelazwa. Damu yake ilipimwa, ikaonekana ana dengi. Hospitali walikuwa wanampa maji kwa mshipa na kumwangalia asije akatokwa na damu, na walisema ataendelea vizuri. Lakini nyumbani kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Mama mkubwa alikuwa ameshaipigia ofisi inayoleta wafanyakazi, na ofisi imekubali: akitoka hospitali apumzishwe kidogo, mwisho wa wiki apandishwe ndege, na aletwe mwingine.

Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa amejikunja kitandani, midomo imekauka, lakini macho bado makali.

"Daktari, mimi sijatoka hapa tangu nifike. Hata Dubai sijakwenda. Sasa huo ugonjwa mwaka mzima nilikuwa nimeuficha wapi, kwenye sanduku?"

Nikacheka, naye akacheka, halafu akashika kichwa kwa maumivu.

"Kurudi nyumbani si kitu," akasema. "Kitu ni jina. Ofisi ikishaandika kwamba nimerudishwa kwa maradhi, hakuna nyumba itakayonichukua tena, si hapa wala penginepo. Na mimi kazi bado naitaka. Mama mwenyewe nampenda, jamani, basi tu ule mdomo."

Nikamuuliza kama huumwa na mbu. Akasema wanamuuma sana, wale weusi, mchana, anapokunja nguo chumbani kwake. Wamezidi siku hizi.

Kwa kazi yangu hapo hapakuwa na fumbo. Mtu akiumwa na mbu mwenye dengi, homa hujitokeza baada ya siku chache, mara nyingi haipiti wiki mbili. Aliyekaa Darsait mwaka na zaidi ameipatia Darsait. Na kwa kuwa mbu yule haruki mbali, ameipatia karibu na kitanda chake. Nilimweleza mama mkubwa hayo yote pole pole, na kalamu na karatasi, nikamchorea mpaka mbu.

"Labda yalimlalia mifupani," akasema.

"Hayalali, mama mkubwa."

"Kila kitu hulala. Na kama mbu wako kwangu, mbona hukuwaona? Si wewe uliyekuja na watu wako? Si wewe uliyekula halwa yangu, ukaandika safi?" Akaninyooshea kidole mlangoni. "Ile pale. Ya kijani. Ibandue mwenyewe basi, kama uongo."

Nimewahi kubishana na maprofesa watatu kwa mkupuo nikatoka salama, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na stika niliyompa mwenyewe.

Nikaenda kwa mkuu. Nikamwomba turudi tukague mtaa ule bila kuarifu, hata nyumba moja tu. Alinisikiliza kwa subira, akanimiminia kahawa.

"Tuna mgonjwa katika mtaa wa sifuri," nikasema.

"Mgonjwa mmoja haifanyi sifuri kuwa si sifuri. Sifuri ni ya viluwiluwi."

"Viluwiluwi vilijulishwa tunakuja."

"Na tutaingiaje bila kuarifu? Utamkuta mama wa watu na kanga ya jikoni." Akashusha sauti. "Na wageni wanakuja kuutazama. Wameshaambiwa siku na saa."

Nilitoka nikijua kwamba kama mtafiti sina ruhusa ya kubisha hodi. Garini, nikiwa bado sijawasha injini, nikakumbuka kwamba kwa mama mkubwa mimi pia ni mtoto wa mdogo wake. Mtafiti huarifu siku kadhaa kabla. Mtoto wa mdogo mtu huingilia mlango wa jikoni, na akipiga simu kwanza huulizwa kuna msiba gani.

Nikaenda alasiri, ndio wakati mbu wangu wanapokuwa kazini. Nilivaa nguo za nyumbani, nikabeba mkate wa ufuta, nikaingia kwa lango dogo la jikoni. Dada wa kazi alikuwa ametoka hospitali asubuhi ileile. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake, sanduku limekwisha kufungwa nyuma yake. Alikuwa amekatazwa kugusa sufuria. Nikamsalimu, nikazunguka nyuma ya chumba, mahali ambapo siku ile niliwekewa mkono begani.

Kati ya chumba na ukuta wa jirani kulikuwa na zulia kuukuu limetandazwa juu ya kitu. Nikaliinua upande. Chini yake zilijipanga ndoo zote za maji ya neema, zimejaa, maji meupe ya kupendeza, na juu ya nyingine bomba la kiyoyozi likiendelea kudondosha. Niliwasha taa ya simu. Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vilipanda na kushuka, vikijipinda kama alama za mkato zilizochanganyikiwa, na mbu mweusi akainuka taratibu kutoka kwenye zulia, akanikalia mkononi kama mwenyeji.

"Nani huko?" sauti ya mama mkubwa ikatoka jikoni.

"Mimi."

"Mie nani?"

"Mtoto wa mdogo wako."

"Na kwa nini unapita jikoni kama mwizi?"

"Mlango wa mbele una stika, mama mkubwa. Niliuogopa."

Akaja, kanga ya jikoni kifuani, ameshika bakuli la supu linalotoa moshi. Nataka ulijue hili kwa haki: alikuwa anamfukuza dada wa kazi, na alikuwa amempikia supu. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana. Aliona zulia limeinuliwa, akasimama.

"Njoo utazame," nikasema.

Akainama. "Wadudu gani hawa, wanacheza ngoma?"

"Watoto wa mbu. Siku chache zijazo wataota mbawa."

"Haiwezi kuwa. Maji haya safi! Ya kiyoyozi! Hata mchanga hayana."

"Ndiyo maana wameyapenda. Maji machafu wanawaachia wengine."

"Miaka yote nna ndoo, na sijawaona."

"Miaka yote ulikuwa unayamaliza kila jioni kumwagilia asumini. Hawakupata nafasi ya kukua. Asumini iko wapi sasa?"

"Iko kwako," akasema.

Dada wa kazi akasema kutoka kizingitini, bila ukali, kama anayemkumbusha mtu alikoweka ufunguo. "Ile siku ya wageni, mama. Tulizileta ndoo huku pamoja. Nikauliza tumwage, ukasema ni israfu, tufunike na zulia."

"Nilisema?"

"Ulisema, mama. Nikaleta zulia."

Nilidhani tumefika. Simjui vizuri mama mkubwa, pamoja na kwamba amenilea nusu ya utoto wangu. Alijinyoosha, akapata nguvu mpya.

"Haya. Mbu ni wangu. Lakini wewe mwenyewe ulinichorea: mbu hazaliwi na homa. Lazima amuume mgonjwa kwanza, ndio ampe mwingine. Sasa mgonjwa wa kwanza nani? Nani kaileta hapa?"

Akamgeukia dada wa kazi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bakuli. Alikuwa amenifahamu vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, na nilijivunia ufundishaji wangu kwa wakati mbaya kabisa. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona analitazama bakuli.

"Supu hii," akasema pole pole. "Ndiyo ileile niliyomfanyia mwanangu. Ya mifupa."

Kiyoyozi kiliendelea kudondosha.

"Alitoka safari," akasema tena. "Joto, kichwa, mifupa."

"Huenda," nikasema.

"Huenda nini? Miaka yote ile umesomea huenda?"

"Hakupimwa, mama mkubwa. Kitu nisichokipima siwezi kukiapia."

"Mie nampima. Nimemzaa." Akavuta pumzi. "Nikauita uchovu."

Akaenda mpaka kizingitini, akamwekea dada wa kazi bakuli mikononi. "Kunywa ungali wa moto. Na kwa nini hukuniambia unaumwa na mbu?"

"Nilikuambia, mama. Ulisema Tanga wako wakubwa zaidi."

"Basi usinijibu kila kitu. Kunywa."

Kisha akatoa simu ndani ya kanga, akaipigia ofisi ya wafanyakazi, na alizungumza kwa sauti ya kusikiwa na mtaa.

"Ndiyo, mie. Msiniletee mtu. Wangu yupo. Hapana, nimesema yupo. Hana maradhi ya kuja nayo, maradhi alikuja nayo mwanangu, na mbu wa kuyagawa wametoka ndoo zangu. Muandike hivyo hivyo. Asipate jina baya kwa sababu yangu." Akasikiliza. "Tiketi? Mpeni anayetaka kusafiri."

Dada wa kazi alikuwa ameinamia bakuli, mabega yakimtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka aliponyanyua uso nikaona ni vyote viwili.

Maji tuliyamwaga kwenye mtende, ili isiwe israfu. Mama mkubwa akaanza kuzirudisha ndoo palepale. Nikamzuia, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Nilimshika kidole, nikakipitisha ndani ya ndoo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Palikuwa na madoa meusi madogo, kama mashapo ya kahawa yaliyokaukia kikombeni. Yale ni mayai. Mbu huyu huyabandika ukutani, si majini, na hukaa makavu kwa miezi yakingoja. Ukimwaga tu na kuirudisha ndoo, maji yakipanda tena yanaanguliwa.

"Basi dawa?"

"Brashi."

Jioni mwanawe akarudi kutoka dukani, kanzu nyeupe, amejipulizia manukato, akauliza kuna chakula gani. Mama yake akamkabidhi brashi. Alisugua ndoo zote, akinung'unika kwamba hajaelezwa kosa lake, na hakuna aliyemweleza.

Stika mama mkubwa aliikwangua kwa kisu cha jikoni. Nusu ilitoka, nusu iling'ang'ania, na ipo hadi leo. Siku ya wageni wa mtaa wa mfano, mmoja wao aliiona akauliza kama nusu ya stika ni daraja maalumu. Mama mkubwa alimjibu kwamba hiyo ni ya nyumba zilizokaguliwa kweli.

Kwa kuwa ofisi haiwezi kuingia bila kuarifu, ameichukua kazi hiyo yeye. Huondoka baada ya alasiri, dada wa kazi akiwa naye sasa amepona na amebeba tochi, na huingia majumbani kwa milango ya jikoni. Hakuna awezaye kumzuia, kwa sababu huja na mkate wa ufuta na kuuliza hali za watoto. Hatoi stika. Akikuta ndoo ina viluwiluwi hukaa chini na kusema hatoki mpaka isuguliwe. Mtaa mzima husugua ndoo wakati wote kwa kumhofu, na wagonjwa wa dengi sijawasikia tena upande ule. Mkuu wetu ameandika ripoti nzuri kuhusu jambo hilo, ameliita ushirikishwaji wa jamii, na ameomba tumpangie mama mkubwa ratiba. Mama mkubwa amemwambia akitaka ratiba aje jikoni. Kuhusu asumini, nimeletewa maneno kwamba ilikuwa amana, haikuwa zawadi, na nimeipeleka kwake.

Nawe usingoje mgeni. Kesho asubuhi zunguka nyuma ya nyumba yako, hata kwenye chumba usichoingia. Tafuta kila ndoo, sahani ya chungu cha maua na bakuli lenye maji yaliyokaa. Mwagia mti maji hayo, usugue chombo ndani pande zote kwa brashi mpaka ukingoni, kisha kigeuze kifudifudi. Rudia kila wiki, siku ileile.